Kesho tunaondoka kwenye misheni, na kuna mtoto ameahidiwa kwa jina langu kwamba nitarudi. Nifanyeje?

Chipukizi_Mzabibuni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri wa haraka, maana muda uliobaki ni wa kuhesabu saa. Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho huku. Asubuhi kuna ibada ya kuagana, kisha picha na chakula cha pamoja, na saa 9 alasiri basi linatuchukua kwenda uwanja wa ndege. Nchi sitaitaja, wala kanisa lililotupokea, kwa sababu ninayoyaleta hapa yanawahusu watu ambao hawajanitendea lolote ila wema.

Tuko 12 na tumekaa wiki 2. Wengine walikuwa kwenye kliniki ya muda, wengine walitembea nyumba kwa nyumba na wainjilisti wenyeji. Mimi nilipangiwa watoto asubuhi, na mchana kupaka rangi darasa la shule ya Jumapili. Ni mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka kwa ajili ya huduma.

Siku ya pili tu alijitokeza mtoto wa kiume, wa miaka kama 10 hivi, akashika mpini wa ndoo yangu ya rangi. Mimi huku, yeye kule. Tangu siku hiyo ndoo ile hakuibeba mtu mwingine. Hatuna lugha moja, kwa hiyo tuliongea kwa vidole: kimoja ni chovya, viwili ni futa haraka, rangi inachuruzika. Analelewa na bibi yake. Jana jioni tulipomaliza ukuta wa mwisho wa ndani aliigeuza ndoo akaikalia, akamwita mkalimani, akaniuliza: "Utarudi lini?"

Nikajibu, "Mungu akipenda." Mkalimani alinyamaza kidogo, kisha akasema naye. Mtoto aliruka juu, akakimbia kwao bila kuaga. Nilijiuliza furaha yote ile imetoka wapi kwa jibu kama lile.

Leo mchana mke wa mchungaji mwenyeji, ambaye anajua lugha yetu kiasi, alinishika mkono akasema: "Tumefurahi kusikia unarudi mwakani. Bibi yake ameshawaambia majirani."

Nikamtafuta mkalimani. Hakukana. Alisema: "Dada, mgeni akiulizwa atarudi lini akajibu Mungu akipenda, hata mtoto anajua kwamba harudi. Niliyaona macho yake nikashindwa. Nikasema mwakani."

Wapendwa, mwakani sirudi. Kanisa langu lilinichangia kwa miezi 8 ili nije mara hii moja, na nafasi ya mwakani ni ya wengine. Nimwambie ukweli kesho na kuiharibu siku yake? Au niondoke kwa amani, halafu nimwandikie barua nikishafika nyumbani? Na huyu mkalimani je? Amekuwa kama ndugu kwetu, nami sitaki kumwaibisha mbele ya kanisa lake.

Kuna na jingine. Wenzangu wanataka kesho kila mtu agawe mwenyewe nguo, viatu na fedha alizobakiza, na dawa za kliniki zilizobaki tumwachie yeyote mwenye uhitaji. Kiongozi wa msafara hajaamua. Mimi mwenyewe nimeshamwambia mama mmoja wa kwaya kwamba vidonge vyangu vya kuzuia malaria nitamwachia. Waliowahi kupita njia hii, naomba mnisaidie.

Mama_Tumaini77

Pole sana binti yangu. Mimi ningekushauri umwache mtoto na furaha yake. Mtoto wa miaka 10 ana mengi ya kumshughulisha. Mwaka mzima ukipita atakuwa ameshapata marafiki wengine. Ukimwambia kesho asubuhi, siku nzima ya watu wale itageuka msiba, na wamejiandaa kwa moyo wote kuwaaga. Ondokeni kwa nyimbo. Barua itakuja baadaye, itamkuta ametulia, na bibi yake atajua namna ya kumweleza. Sisemi udanganye. Nasema si kila ukweli lazima usemwe mlangoni.

MzeeWaBaraza

Mwanangu Chipukizi, nimesoma ulichoandika mara mbili. Nitakwambia kama ningemwambia binti yangu wa kumzaa, usinichukie.

Umeandika habari ya mkalimani kana kwamba uongo ulianzia kwake. Hebu rudi nyuma hatua moja. Ulipotamka "Mungu akipenda," ulikuwa unajua moyoni kwamba mwakani hurudi? Kama ulikuwa unajua, basi mkalimani alipokea jibu ambalo tayari lilikuwa na kifuniko. Yeye alibadilisha kifuniko tu.

Neno hilo ni zito. Paulo alilitumia. Soma Matendo 18, mstari wa 19 hadi 21. Alipita Efeso mara ya kwanza, watu wakamwomba akae zaidi, hakukubali. Akaagana nao akisema atarejea kwao tena Mungu akimjalia. Halafu geuza ukurasa: mlango wa 19 yuko Efeso. Alirudi, na alikaa nao muda mrefu hata baadaye anawakumbusha kwamba kwa miaka 3 hakukoma kuwaonya usiku na mchana. Kwa hiyo kinywani mwake neno lile lilikuwa ahadi ya mtu aliyekusudia kweli kurudi, akaiweka chini ya mapenzi ya Mungu. Halikuwa njia ya kutokea chumbani.

Sasa nenda mlango wa 20. Paulo yuko Mileto, ana haraka ya kwenda Yerusalemu, anatuma kuwaita wazee wa kanisa lile lile la Efeso. Safari hii hasemi "Mungu akinijalia." Anawaambia wazi kwamba hawatamwona uso tena. Watu wazima, wazee wa kanisa, walilia sana wakamwangukia shingoni, na Luka anasema kilichowaumiza zaidi ni neno hilo hasa. Na pamoja na hayo walimsindikiza mpaka merikebuni.

Kanisa ni lile lile, mtu ni yule yule, maagano ni mawili. Alipokusudia kurudi alisema narudi. Alipojua harudi alisema sirudi, na akayavumilia machozi yao akiwa amesimama pale pale. Nimeongoza misafara mingi na kila siku ya mwisho huwasomea vijana sehemu hizi mbili, maana vishawishi vya siku hiyo ni vya ajabu. Watu wanakupenda, wanakuimbia, mkono wako umeshikwa na mtoto, na mdomo unaanza kutoa ahadi ambazo mfuko na ratiba havizijui.

Mama Tumaini, nakuheshimu dada yangu, lakini barua sikubaliani nayo. Barua ni ya kumlinda anayeandika asione uso wa anayesoma.

NilikuwaMwenyeji

Huwa nasoma tu humu ndani, siandiki. Leo nimeshindwa kupita.

Mimi nilikuwa mtoto wa upande ule. Kijijini kwetu timu za misheni zilikuja karibu kila mwaka. Nilipokuwa na miaka 9 kuna kaka mmoja alinizoea sana. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, kitu ambacho wenzangu wote walishindwa. Siku ya kuondoka aliniambia mwakani tutakutana. Sikumbuki kama alisema kwa kinywa chake au ni mkalimani, na baada ya kusoma uzi huu ndiyo mara ya kwanza nawaza kwamba huenda hakusema yeye.

Mwaka mzima nilifanya mazoezi ya ule mluzi. Basi lilipotokea nililijua kwa mbali, kwa sababu fulana zilikuwa zile zile za bluu zenye maandishi meupe. Nilikimbia hadi mlangoni nikiwa napiga mluzi. Wakashuka mmoja mmoja. Fulana zile zile, watu wengine kabisa. Wa mwisho kushuka alinipigia makofi, akidhani ninawakaribisha.

Mama Tumaini, nasema kwa heshima zote: mtoto hasahau. Ila hana mahali pa kulalamikia. Hawezi kwenda kwa mchungaji kusema mgeni wa Mungu amenidanganya. Analibeba mwenyewe, na mwaka unaofuata anasimama mbali kidogo na basi.

Nikwambie na lililonitibu, maana halikuwa kubwa. Miaka 2 baadaye alikuja mama mmoja wa makamo, tukafanya naye kazi bustani ya kanisa. Siku mbili kabla hajaondoka, siyo siku yenyewe, alinikalisha, akamwita na mwalimu wangu wa shule ya Jumapili akae hapo hapo. Akasema: "Mimi sitarudi. Nyumbani nina mgonjwa na sina uwezo. Lakini huyu yupo, na miche hii nimemwachia yeye na wewe." Nililia. Kesho yake nilikwenda kumwagilia, na mwalimu alikuwa pale. Yule mama sijamwona tena hadi leo na sijawahi kumsubiri. Namkumbuka kwa raha.

Dada Chipukizi, siku mbili huna tena. Lakini usiku huu bado unao.

Muuguzi_Msafiri

Nitaacha habari ya mtoto kwa waliotangulia, wamesema vizuri. Mimi nimeruka kwenye vidonge, maana hapo kuna hatari ya mwili.

Chipukizi, USIMWACHIE MTU vidonge vyako vya malaria. Bado unavihitaji. Watu wengi wanadhani kinga inaisha siku ya kupanda ndege, kumbe vimelea vinaweza kuwa vimeshaingia kwa mbu wa usiku wa mwisho na bado vimejificha kwenye ini. Kama unatumia doksisaiklini, unaendelea kila siku kwa wiki 4 baada ya kutoka eneo lenye malaria. Meflokwini vilevile ni wiki 4, yenyewe mara moja kwa wiki. Kama ni ile ya mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ni siku 7 baada ya kutoka. Na huyo mama wa kwaya, kama anaishi hapo siku zote, vidonge vichache vya kinga havimsaidii. Akiugua anatakiwa apimwe na apewe dozi kamili ya tiba. Mabaki yako yatamchelewesha kwenda hospitali.

Ukifika nyumbani, homa yoyote itakayokupata, hata kama imepita miezi, mwambie daktari kabla hajakuuliza kwamba ulisafiri na ulikuwa wapi. Malaria ile mbaya huwa inajitokeza mara nyingi ndani ya miezi 3 ya kwanza, lakini inaweza kuchelewa. Mwambie vilevile kama uliogelea au kutembea kwenye maji ya ziwa au mto, kwa sababu ya kichocho.

Dawa za kliniki ndiyo kabisa msigawe kwa mkono. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, na limeurekebisha tangu hapo. Misingi yake ni rahisi: dawa iwe imeombwa na inayotumika huko, maandishi yake yaeleweke na wahudumu wa hapo, iwe bado na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda wake inapowasili, na isiwe mabaki ya dawa za wagonjwa. Yote mawili ya mwanzo mnaweza kuyatimiza usiku huu: ketini na mganga wa kituo cha afya cha karibu, mwonyesheni orodha, achukue anazozitaka kwa maandishi. Zilizobaki mrudi nazo au mwulizeni yeye utaratibu wa kuziteketeza. Nimewahi kufika mahali baada ya timu nyingine kuondoka, nikamkuta bibi anatunza kwenye kitambaa vidonge vya rangi 3 tofauti, hajui kimoja ni cha nini, anameza kimoja kila akisikia mwili mzito. Waliompa walikuwa wanampenda.

Chipukizi_Mzabibuni

Nimesoma nikiwa nimekaa nje, wenzangu wanafungasha. Asanteni.

Mzee wangu, umenikuta. Ndiyo, nilijua. Nilipotamka "Mungu akipenda" nilikuwa nimeshajua sirudi, nikalitumia jina la Mungu kwa sababu sikutaka kuwa mimi ninayesema hapana. Siku nzima nimekuwa nimemkasirikia mkalimani, kumbe yeye angalau alikuwa anamhurumia mtoto. Mimi nilikuwa najihurumia mwenyewe.

NilikuwaMwenyeji, kaka yangu, fulana zetu nazo ni za rangi moja. Nimeziangalia zimeanikwa kwenye kamba hapa mbele yangu na nimeshindwa kuziondolea macho.

Muuguzi, ni doksisaiklini. Asante, sikujua hilo hata kidogo. Kesho alfajiri nitamwomba yule mama msamaha.

Nimeshaamua kusema. Sasa nisaidieni namna. Nimwambie kabla ya ibada au baada? Na mkalimani nimwingize vipi bila kumvunjia heshima?

SautiYaWawili

Nimefanya kazi ya ukalimani kanisani na kwenye mikutano zaidi ya miaka 20, kwa hiyo niruhusu niseme kwa niaba ya huyo ndugu.

Wewe kesho unapanda basi. Yeye anabaki. Mwakani basi likija bila wewe, huyo mtoto na bibi yake hawatakuja kwako, watakwenda kwake. "Ulisema mwakani." Sauti iliyotoa ahadi ni yake, ndiyo watakayoikumbuka. Ukikaa kimya kumstahi, unamwachia deni ambalo atalilipa peke yake mbele ya majirani zake, na neno lake litapungua uzito hata anapotafsiri mahubiri.

Kwa hiyo nenda kwake usiku huu, kabla hajalala. Usianze na kosa lake, anza na lako. Mwambie: nilikupa jibu ambalo halikuwa jibu, nikakuachia wewe kazi ya kuamua. Ni kweli ndicho ulichofanya. Sisi wakalimani tunapata taabu sana na wageni wanaoongea kwa maneno ya kuzunguka. Mgeni anasema "tutaona," "tutaliombea," "ipo siku," halafu ananitazama mimi. Nikitafsiri neno kwa neno, msikilizaji ananiuliza kwa macho: ndiyo au hapana? Na hapo ninakuwa peke yangu.

Halafu muulize yeye afanyeje. Anaujua mji wake, anamjua bibi. Mwombe mwende wote wawili, na kesho aseme kwa kinywa chake, "Jana tulikosea, mimi na dada." Akisema "tulikosea" heshima yake haipungui, inaongezeka. Na kesho sema sentensi fupi. "Mimi sitarudi." Usiongeze "labda" wala "lakini huwezi jua." Ukiongeza, mtoto ataisikia labda tu.

Mama_Tumaini77

Nimesoma yote, na maneno ya NilikuwaMwenyeji yamenitoa machozi. Nakiri nilimfikiria mgeni zaidi kuliko mtoto. Naondoa habari ya barua.

Ila nisikilizeni kwa hili moja, mimi ni mama na bibi. Isiwe kwenye ibada, wala baada ya ibada watu wakiwa wamezunguka na simu za picha mkononi. Mwende nyumbani kwao asubuhi na mapema. Aanze kuambiwa bibi, faragha, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki na mtoto usiku baada ya nyinyi kuondoka, na tena ndiye aliyetangaza kwa majirani. Apate nafasi ya kupanga uso wake. Kisha mtoto, bibi akiwa amekaa karibu naye. Usiwe naye peke yako. Usimpe namba yako ya simu kwa siri wala usimwahidi kumtumia kitu. Na mwambie mapema kiasi kwamba atapata muda wa kununa, kukimbia, kurudi. Mtoto akiambiwa dakika ya mwisho hapati nafasi ya kukukasirikia, na kukasirika ni haki yake.

Akikataa kuja kukuaga, usimlazimishe.

Mhazini_Msaidizi

Mambo ya fedha na vitu, kwa kifupi kwa sababu muda wenu ni mdogo. Zikusanyeni pamoja usiku huu. Hesabuni mbele ya watu 2 wa upande wenu na 2 wa upande wa wenyeji, andikeni karatasi 2, kila upande ubaki na moja yenye sahihi. Wenyeji waamue wenyewe matumizi. Nguo na viatu vivyo hivyo, vikabidhiwe kwa viongozi wa wanawake au wa huduma za huruma, wao wanajua nyumba gani haina kitu na nyumba gani inajua kujisogeza mbele.

Paulo alipobeba mchango wa kwenda Yerusalemu hakuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8:18 na kuendelea, anatuma pamoja na Tito ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, na anasema sababu: mtu asije akawalaumu, maana wanataka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume mzima. Sisi ni nani tugawe noti dirishani mwa basi?

Najua wenzako watasema ni ukavu, kwamba upendo hautaki karatasi. Mimi nimeona yanayofuata. Shati moja zuri likitolewa kwa mkono mbele ya watoto 40, anafurahi 1 na wanaondoka 39 wakijiuliza wao wana nini. Halafu mchungaji mwenyeji anakaa wiki 3 akisuluhisha ugomvi wa nani alipewa kwa nini. Ninyi mko nyumbani mnaangalia picha.

MzeeWaBaraza

Narudi kwa jambo moja, maana naona uzi umeelekea kwenye vitu. Mwaka 1910 ulifanyika mkutano mkubwa wa misheni wa dunia mjini Edinburgh. Karibu wote waliohudhuria walitoka Ulaya na Marekani; kutoka makanisa yaliyopokea wamisionari walikuwa wachache wa kuhesabika. Mmoja wao alikuwa V. S. Azariah kutoka India, ambaye miaka 2 baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Alisimama mbele ya watu wale akawashukuru kwa waliyojitoa: mali zao kulisha maskini, hata miili yao. Kisha akawaambia: "Tunaomba na upendo. Tupeni marafiki."

Baadhi ukumbini walichukia. Lakini neno lile limedumu kuliko hotuba nyingi za mkutano ule. Na rafiki, mwanangu, ni yule unayeweza kumwambia "sitaweza" akabaki rafiki. Mfadhili ndiye anayeogopa kulitamka.

Ukifika nyumbani, Matendo 14:27. Paulo na Barnaba walirudi Antiokia, walikokuwa wametoka, wakalikusanya kanisa lililowatuma na kuwaeleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Utaombwa ushuhuda. Usiwaonyeshe picha ya mtoto huyo bila ruhusa ya bibi yake, na habari ya "Mungu akipenda" usiiruke.

Chipukizi_Mzabibuni

Wapendwa, naandika kutoka uwanja wa ndege. Nawaeleza kwa ufupi, macho yamevimba.

Jana usiku nilimfuata mkalimani. Nilianza na kosa langu kama SautiYaWawili alivyosema. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakuwa amelala vizuri tangu juzi. Ndiye aliyechagua saa: kabla jua halijachomoza, kabla bibi hajaenda kutafuta kuni. Akaongeza wazo lake mwenyewe, tumpitie mwalimu wa shule ya Jumapili twende naye.

Bibi alinisikiliza akinitazama midomo, ingawa haelewi lugha yangu. Mkalimani alipomaliza, bibi alisema neno moja, na mkalimani akanitafsiria: "Alijua." Hakuwa amewaambia majirani kwa furaha. Aliwaambia akiwauliza kama wameshawahi kumwona mgeni aliyerudi.

Kisha mtoto. Alikuja na rangi bado ikiwa pembeni mwa kucha. Nilisema sentensi moja, "Mimi sitarudi." Mkalimani aliitafsiri, akaongeza "tulikosea, mimi na dada," nilimsikia akitamka na jina langu. Mtoto hakulia. Alimgeukia mwalimu wake akamuuliza kitu, mwalimu akajibu, wakaulizana na kujibizana kwa muda. Nikauliza wanasema nini. Ni habari ya ukuta wa nje, ambao hatukuumaliza. Anataka kujua utapakwa lini na nani atashika upande wa pili wa ndoo. Mwalimu alimwambia Jumamosi, na kwamba ni yeye.

Hakuja kwenye ibada. Kwenye picha hayupo. Basi lilipoondoka niliangalia kila upande wa barabara sikumwona, na Mama Tumaini, sikumtuma mtu kumwita.

Fedha na nguo zimekabidhiwa kwa karatasi, kiongozi wetu alikubali bila ubishi nilipomsomea ile 2 Wakorintho. Wawili kati yetu walinuna kidogo, mmoja ameshaniambia ameelewa. Mganga wa kituo alichukua aina 4 za dawa, nyingine tumerudi nazo. Mama wa kwaya alicheka sana nilipomwomba radhi. Alisema vidonge vyenyewe asingevimeza, alitaka kichupa.

Nimempa kichupa. Vidonge viko kwenye karatasi ndani ya mkoba, nimevihesabu mara mbili, ni 30. Muuguzi, leo ni ya kwanza kati ya siku 28, sivyo? Wanatuita kupanda.

Muuguzi_Msafiri

Kesho ndiyo ya kwanza, mpendwa. Cha leo meza kama kawaida, na maji mengi, na usilale mara baada ya kumeza. Safari njema.